Dada wa Kitanda Namba Nane

Hospitali ilinipigia simu saa nne asubuhi, ikaniambia niende nikamchukue dada yangu.

Mimi sina dada.

Nilivaa viatu, nikaenda.

Najua mtaniuliza kwa nini. Hata mimi nilijiuliza njiani, jibu la maana sikulipata. Ukweli ni kwamba siku ile sikuwa na jambo jingine la kufanya. Wala kesho yake.

Nina miaka sitini na tatu. Nimefanya kazi masjala miaka ishirini na tisa, kutwa kucha na mafaili ya watu. Nilistaafu, na mwaka uliofuata mume wangu akafariki. Tukazika. Wageni wakaondoka, sahani za kuazima zikarudi kwa wenyewe.

Sikulia. Wakasema mama huyu jasiri sana.

Haukuwa ujasiri. Unajua mguu unavyokufa ganzi ukiukalia? Ndivyo nilivyokuwa, ila mwili mzima.

Naamka, nachemsha chai, inapoa, naimwaga. Redio inaongea, mimi nipo nipo tu.

Mwanangu wa kiume, wa pekee, alishapanga kila kitu. Mwisho wa mwezi nihamie kwake, chumba cha nyuma, nyumba yangu wapewe wapangaji. "Utapumzika, mama." Sikusema ndiyo, sikusema hapana. Yeye akahesabu kuwa nimekubali.

Basi, nikafika wodini.

Muuguzi akanipokea. "Shikamoo mama. Wewe ndiye ndugu wa kitanda namba nane?"

Nilitaka kusema hapana. Mdomo ukasema, "Marahaba. Yuko wapi?"

Akanieleza huku tunatembea. Dada yangu ni fundi wa makochi. Alianguka kutoka juu ya meza karakanani kwake, akavunjika mkono wa kulia na kupasuka juu ya jicho. "Kichwa kiligonga sakafu, kwa hiyo kuna wakati anachanganya mambo. Msimwache peke yake siku mbili tatu."

Kitandani alikaa mwanamke wa rika langu, mabega mapana, mkono kwenye plasta, nyuzi nne juu ya nyusi. Sikuwahi kumwona maishani.

Akanitazama juu mpaka chini.

"Umechelewa, dada."

"Foleni," nikasema.

Ndivyo ilivyoanza. Nikasaini karatasi. Pale penye "uhusiano" nikaandika dada, kwa mwandiko uleule wa masjala.

Nilijiambia nitamfikisha kwake, basi. Kwake kulikuwa ni chumba kimoja nyuma ya karakana. Mbele, makochi yamefumuliwa matumbo, sponji zimepangwa mpaka dari, vumbi la mbao kila mahali. Hakuwa na mume wala mtoto. Majirani walimwita Nyundo.

Alijaribu kufungua vifungo vya gauni kwa mkono wa kushoto, akashindwa. Nikamfungulia. Nikamwogesha. Sikuona aibu wala huruma. Niliona kazi.

Jioni jirani mmoja akakubali kulala naye, nami nikarudi nyumbani. Asubuhi nikajikuta niko mlangoni kwake.

"Shika hapa," akasema, kabla sijaweka hata mkoba chini.

Alikuwa na viti kumi na viwili vya chumba cha kusubiria cha daktari wa meno, na siku zilikuwa zinakwenda. Asipovimaliza, kazi inahamia kwa fundi mwingine, na mteja akishahama ndiyo kaenda. Yeye alikuwa na akili ya ufundi bila mkono. Mimi nilikuwa na mikono miwili isiyojua kitu.

"Vuta kitambaa. Zaidi. Vuta kama umekasirika."

"Sijakasirika."

Akanitazama kidogo. "Haya, vuta hivyohivyo. Tutafika."

Kiti cha kwanza nilikifumua mara nne. Misumari ilikaa kama meno ya mtoto. Nyundo hakunisifia, hakunigombeza. "Rudia," basi. Kiti cha tatu akapitisha kidole gumba kwenye pindo, akaniletea fremu ya nne. Nikaelewa.

Wateja wakiuliza huyu nani, anajibu, "Dada yangu," bila kupepesa macho.

Hapo ndipo dhamiri ilipokuwa ikinisuta. Mahali fulani dada yake wa kweli anasubiri simu, na mimi nimekalia kiti chake. Nilitaka kusema. Lakini kila nikifungua mdomo namwona muuguzi anasema anachanganya mambo, nafunga.

Siku moja tunakula mchana, akasema, "Unakumbuka tulivyolala kitanda kimoja, unanivutia shuka lote?"

"Nakumbuka," nikasema. "Na wewe ulikuwa unapiga mateke."

Akacheka mpaka akashika plasta. Mimi sikucheka. Ila nilimaliza chakula changu, na nilikuwa sijamaliza sahani tangu msiba.

Wiki ya tatu, mwanangu akaja.

Alikuta nyumba imefungwa, jirani akamwelekeza. Akaingia karakanani na kunikuta nimepiga magoti sakafuni, kanga kiunoni, misumari mitano imebanwa midomoni.

"Mama?"

Sikuweza kujibu kwa sababu ya misumari.

"Jirani anasema uko kwa dada yako aliyeumia kichwa. Mama, una dada tangu lini?"

Nyundo alikuwa pale pale, anapima kitambaa. Hakuinua kichwa.

"Wapangaji wanaingia Jumatatu. Nimekuja na gari tufungashe vitu." Kisha akashusha sauti, lakini karakana ile haina pa kuficha sauti. "Huyu mama ameumia kichwa, na wewe unamdanganya kuwa ni dada yake. Akijua itakuwaje? Si haki, mama."

Alikuwa anasema kweli. Hilo ndilo lililoniuma, kama naweza kutumia neno hilo.

Nikatoa misumari mdomoni, mmoja mmoja, nikaiweka kiganjani.

"Sihami," nikasema.

Lilikuwa jambo la kwanza nililoamua tangu mwaka ule uanze. Sauti haikuwa kubwa. Nadhani hata yeye alilisikia kwa shida.

Nikamgeukia Nyundo. "Na wewe nikuombe radhi. Mimi si dada yako. Hospitali walikosea namba."

Nyundo akaweka mkasi chini.

"Hawakukosea."

"Sijawahi kuwa na dada," akasema. "Walikataa kuniruhusu nitoke bila ndugu. Ndugu sina. Nikasema nina dada, nikawatajia namba, tarakimu zozote zilizonijia mdomoni. Nilijua haitapatikana, watachoka, wataniachia niende zangu. Mara namwona mtu anaingia na mkoba, anasema foleni."

"Lakini lile shuka?" nikauliza.

"Nimelala peke yangu maisha yangu yote. Nilikuwa nakupima tu, mpaka ukaniambia napiga mateke."

"Na kichwa?"

"Kichwa kizima. Niliona unadhani nimechanganyikiwa, na unakuja kila siku. Nikaogopa ukijua nina akili timamu hutarudi."

Ningependa kuwaandikia kwamba nililia, tukakumbatiana. Haikuwa hivyo. Nilikaa kwenye kiti ambacho hakijawekwa sponji, nikatazama mikono yangu. Ilikuwa na malengelenge. Sikumbuki yalianza lini.

"Hujawahi kuniuliza jina langu," nikamwambia.

"Na wewe hukuniuliza langu."

Tukaambiana. Siyaandiki hapa, ni yetu. Lakini alipolitamka langu nilishtuka kidogo, kama mtu aliyeguswa bega gizani. Nyumbani nilikuwa mama, ofisini nilikuwa masjala, msibani nilikuwa mjane. Jina lenyewe lilikuwa halijasemwa na mtu kitambo.

Mwanangu alikuwa bado amesimama pale. Mwisho akauliza, kwa upole kabisa, kama anaweza kukaa.

"Kalia kile tulichomaliza mwisho," Nyundo akamwambia. "Hicho mama yako hajakifumua hata mara moja."

Akakaa. Akajitikisa. Kiti hakikulia.

Wapangaji walitafutiwa pengine. Viti kumi na viwili vilikwenda kwa wakati. Plasta ilitolewa miezi minane iliyopita, na mkono wa Nyundo ni mzima kuliko wangu. Hanihitaji tena kumfungulia vifungo. Hakuna aliyesema niache kwenda, nami sijaacha. Tunagombana kuhusu rangi za vitambaa. Yeye anapenda kahawia, mimi sitaki hata kuiona.

Wanawake wenzangu wa rika hili, nilichojifunza ni kidogo tu. Msisubiri hamu ije ndipo mtoke nyumbani. Mimi nilitoka bila hamu yoyote, na kama ningeisubiri, hadi leo ningekuwa nimekaa. Hamu hunijia siku nyingine, kidogo, katikati ya kazi. Siku nyingine haiji kabisa, nafanya kazi hivyohivyo.

Leo haijaja. Lakini kuna kochi la watu watatu hapa, zito, na Nyundo ameshashika upande wake, ananiangalia.