Mbwa wa Neno Moja

Mtaani walimwita Bi Mikoba kwa sababu alishona mikoba iliyokatika, na waliotaka kumchokoza waliongeza "na mbwa wake". Hakununa. Kila msimu wa kuwinda ulipokwisha, wawindaji waliwashusha barabarani mbwa wazee na wavivu, wakatia gari moto na kwenda zao. Bi Mikoba aliwaokota, akawaogesha, akawashonea mikanda ya shingo kwa kamba za mikoba ambayo wenyewe hawakuirudia, kisha akawatafutia makao mapya. Ndiyo maana mbwa wa mtaa ule walivaa vizuri kuliko mabwana zao.

Lakini mweusi mmoja mwenye sikio lililochanika alimtoa jasho. Alimpeleka kwa mwalimu, akarudishwa siku ya tatu. Akampeleka kwa kinyozi, akarudishwa kabla ya adhuhuri, na nyuma yake mteja aliyenyolewa nusu kichwa, akidai maelezo. Wote walisema jambo moja: mbwa mpole, katulia zake, mara anachomoka na kuangusha kila kilicho mbele yake. Watu wakamwita Nendarudi.

Siri ilifichuka karakanani kwa Bi Mikoba. Mteja alikubali kufuata begi lake kesho, akasema, "Haya." Nendarudi, aliyefungwa kwenye mguu wa meza, akatoka mbio na meza yenyewe. Bi Mikoba akabaki na sindano mkononi, na ndipo alipoelewa. Katika maneno yote tuliyojaliwa, mwindaji alikuwa amemfundisha kuanza mawindo kwa neno hilo, ambalo watu hulisema wakikubali, wakiagana, hata wakichoka kusikiliza! Alimlaani mwindaji yule laana ya kutoka moyoni.

Jumatatu mwenye nyumba akaja uani, amevimba.

"Mama, mbwa wako ana wazimu."

"Hana wazimu, baba, ana utii. Ila tafadhali, usije ukasema..."

"Nakupa mpaka Ijumaa. Akiwa bado yumo humu, mtoke wote, yeye na wewe. Haya?"

Mwenye nyumba alijikuta amekaa ndani ya beseni la nguo zilizolowekwa. Ijumaa ikageuka Jumatano.

Bi Mikoba alijaribu kumfundisha upya kwa vipande vya nyama. Nyama ikaliwa, somo likabaki. Samaki mkunje angali mbichi, na huyu alishakauka zamani. Alichohitaji ni mtu asiyesema neno lile. Yuko wapi mtu huyo? Ghafla akacheka peke yake. Shemeji!

Mume wa marehemu dada yake, fundi saa mstaafu, alikuwa mbishi wa kuzaliwa. Ukimwambia kumekucha, atakuuliza umejuaje. Siku ya ndoa aliulizwa kama anakubali, akajibu, "Kwani nimekuja kufanya nini?" Lakini tangu dada afariki, miaka miwili sasa, alikuwa kimya, maana hakuwa na wa kubishana naye. Bi Mikoba alilijua hilo na lilimuuma, na bado alikuwa haendi kumwona.

Jumanne akaenda.

"Shemeji, nimekuletea mbwa."

"Sitaki mbwa."

"Kweli, huyu hakufai."

"Nani kasema hanifai?"

"Ni wa mawindo. Hawezi kukaa ndani."

"Mbona amekaa?"

Na kweli Nendarudi alikuwa amejilaza juu ya viatu vyake. Bi Mikoba akasema kwaheri, akaondoka haraka kabla mtu hajakubaliana na mtu.

Baada ya wiki alikwenda kukagua, kama alivyofanya kwa mbwa wote. Alikuwa ameshaamua: akimkuta anateseka atamchukua, na chumba kiende. Akiwa bado nje alisikia sauti ya shemeji ikipaa.

"Mimi nasema mvua inakuja, wewe umelala! Toka basi ukaangalie mawingu!"

Alibisha hodi. Mlango ukafunguka nusu.

"Umefuata nini?"

"Nimekuja kumwangalia tu."

"Mwongo. Umekuja kumchukua." Shemeji akaziba mlango kwa mwili wake. "Hatoki mtu hapa. Na wewe ingia, chai inapoa."

"Nina kazi, shemeji."

"Nani kakuuliza kazi?"

Akaingia. Kiti cha dada yake, ambacho tangu mazishi hakuna aliyeruhusiwa kukikalia, kilikuwa kimejaa manyoya meusi. Bi Mikoba akalia palepale aliposimama. Shemeji akamwambia hakuna cha kulilia hapa, huku akitafuta leso yake mwenyewe.