Kongoni kakoswa, tenki langu limepigwa: wenye skopu za kuwindia mbali, someni hapa

Wakuu, salaam kwenu wote, na wakubwa shikamooni.

Hii siyo chai. Tenki lipo, tundu lipo. Atakayebisha apande gari ashukie Kabuku, nitamtumia bodaboda amlete mpaka kwetu Kwaluguru aje aweke kidole.

Uvumilivu wangu uliisha asubuhi ile lilipotua beseni la nyama ya kongoni mlangoni kwangu. Aliyeleta ni mwindaji ambaye jana yake tu risasi yake ilipita juu ya kichwa cha mwanangu.

Mama mkwe wangu, ambaye naishi naye, akafunua beseni akauliza swali moja.

"Imechinjwa?"

"Imechinjwa, bibi. Tulikuwa na Mwislamu kwenye gari."

"Alhamdulillah. Mama Zuhura, lete sufuria."

Jamani! Watu wanauliza kisu kilipita wapi kwa kongoni, hakuna anayeuliza risasi ilipita wapi kwa mtoto!

Sufuria sikuleta. Nilifoka mpaka majirani wakaacha majembe.

Nirudi nyuma kidogo mnielewe.

Mimi ni mama wa mtoto mmoja, nimeishia kidato cha nne. Mume yuko Manundu, Korogwe, anauza vipuri vya pikipiki. Shamba letu limepakana na pori. Msimu ukifunguliwa wanakuja watu na vibali vyao, halali kabisa, sina ugomvi nao. Wakipata, wanatugawia kitoweo. Ndiyo maana kijiji kizima huwa kimya. Nani agombane na nyama?

Siku moja kabla ya beseni, mwanangu Zuhura alikuwa anakinga maji kwenye bomba la tenki. Nikasikia paa! kwenye plastiki, halafu ndiyo mlio wa bunduki ukafuata kutoka mbali. Maji yakamrukia mtoto kichwani.

Akacheka. Alidhani mvua.

Mimi nilijikuta naye nyuma ya jiko, sijui hata nilifikaje.

Baadaye gari likaja. Mwenye bunduki nitamwita Injinia, maana ndivyo alivyojitambulisha. Alikuja na pole, lakini na sifa pia.

"Bahati mbaya tu, mama. Kongoni alikuwa mita mia nne, nikashika mstari wa mia nne kabisa. Sijui imerukaje."

"Nyuma ya kongoni kulikuwa na nini?"

"Vichaka tu."

"Na nyuma ya vichaka niko mimi."

Akacheka ile ya aibu, akaondoka kwenda kumfuata kongoni mwingine.

Huo "mstari wa mia nne" ukanikaa kichwani. Usiku uleule nikaja humu kuuliza, wengine mnakumbuka. Mmoja akanishauri nipeleke tenki polisi likatoe maelezo. Asante mkuu, Mungu anakuona. Lakini mwingine alinielewesha vizuri, nami nawapa kama nilivyoelewa.

Ukichungulia kwenye skopu unaona msalaba. Hiyo ndiyo reticle. Nyingine zina vistari vingi chini ya msalaba. Risasi ikienda mbali inashuka, kwa hiyo mnyama aliye mbali humwekei msalaba, unamwekea kistari cha chini. Mdomo wa bunduki unainuka, risasi inakwenda kushukia palepale. Safi.

Shida inaanzia kwenye zoom.

Kuna skopu ambazo ukivuta zoom, vistari vinakua pamoja na mnyama. Hizo kistari hakidanganyi. Na kuna zile ambazo mnyama anakua, vistari vinabaki vilevile. Hizo vistari vinasema kweli kwenye zoom moja tu, mara nyingi ile ya mwisho. Ukipunguza zoom halafu ukashika kistari kilekile, bunduki inainuka kupita kiasi na risasi inapita juu ya mnyama.

Inakwenda wapi? Kwangu.

Basi ile asubuhi ya beseni nilikuwa na swali langu tayari.

"Injinia, zoom ulikuwa umeweka ngapi?"

"Nusu. Nilitaka nilione kundi lote."

"Na vistari vyako vinakua ukivuta?"

Hajui! Mtu ana skopu ya bei mbaya hivyo, hajui!

Akataka kwenda kuchukua bunduki tupu aangalie. Nikamwambia bunduki haielekezwi nyumbani kwangu mara ya pili. Akaifungua skopu kutoka kwenye bunduki, akaenda mwisho wa shamba, akalichungulia tenki.

Zoom ya mwisho: toka msalaba mpaka kistari cha mia nne, pete mbili za tenki, ile mikunjo inayolizunguka.

Zoom nusu: pete nne, yaani bunduki inainuliwa mara mbili.

Akarudia. Nne. Nikachungulia mimi. Nne. Mama mkwe naye akataka. Akachungulia muda mrefu, kisha akarudi mlangoni, akalifunika beseni.

"Baba, chukua nyama yako kwanza. Maneno hayajaisha."

Nilitaka kulia. Injinia akasema, "Andika malalamiko, mama. Mimi nitasaini." Na alisaini kweli. Hapo ndipo nilipoona kuna kitu kinaweza kubadilika kijijini kwetu.

Funzo langu: mapori yetu haya ya vichaka, msalaba wa kawaida unatosha, sogea karibu upige. Ukitaka ya vistari, jua yako ni ya aina gani kabla hujaingia porini. Na hakuna kistari kinachokuonyesha nani anaishi nyuma ya mnyama.

Wenye skopu, semeni humu kama nimekosea popote. Wenye watoto karibu na mapori, chukueni maneno yangu myatumie. Haya hapa, yamepokelewa na kugongwa muhuri:

KWA: Afisa Mtendaji wa Kijiji
NAKALA: Ofisi ya Wanyamapori, Wilaya

YAH: RISASI YA MWINDAJI KUFIKA KWENYE MAKAZI

Nalalamika kwamba risasi ya mwindaji mwenye kibali imetoboa tenki langu mtoto akiwa chini yake. Mwindaji anakiri na amesaini hapa chini. Mama mkwe wangu ameweka dole gumba.

Naomba wawindaji waonyeshwe mashamba na nyumba zetu kabla ya kuingia porini, na wakatazwe kupiga kuelekea huku. Naomba kitoweo kisipokelewe badala ya malalamiko.

Tenki sijaliziba. Njooni mlione. Mtoto akisimama pale bombani, kati ya utosi wake na tundu panaenea kiganja changu kimoja.