Kashata Hakutoka Nje

Paka akipotea, wengi wetu tunakosea: tunakimbilia nje.

Leo asubuhi, hapa kwenye makao yetu ya wanyama Queensbury, paka wetu Kashata hakuonekana. Na familia yake mpya ilikuwa njiani kuja kumchukua!

Nikazunguka mtaa kwenye mvua nikiita na kutikisa bakuli la chakula. (Majirani wameshanizoea.)

Nikarudi nimelowa. Mercy, anayetusaidia, alikuwa anataka kuwasha mashine ya kukaushia mablanketi.

"Ngoja kidogo mwanangu, tia na koti langu," nikamwambia.

Akafungua mlango wa mashine, akapiga kelele.

"Mzee! Si huyu hapa, amelala!"

Nikakaa chini nikacheka.

Paka hupenda joto, na mashine hiyo kwake ni kitanda.

Leo, kabla hujawasha yako, tia mkono ndani upapase.