Jina Walilonivua

Nilipokuwa mtoto mchanga, nasikia, nililia mpaka majirani wote wa landhi, zile nyumba za wafanyakazi wa reli pale Nakuru, wakachoka nami. Kwetu watu wa magharibi mwa Kenya, mtoto akilia hivyo anatafuta jina. Basi shangazi, dada yake baba, akaketi akitaja marehemu mmoja mmoja, na alipomtaja Nasimiyu, aliyemzaa mama yangu, nikanyamaza na kushika titi. Jina likanikaa. Pengine nilikuwa nimechoka tu kulia, lakini nani angethubutu kumwambia shangazi?

Nasimiyu aliuawa na kidonda cha titi. Jambo hilo halikutajwa nyumbani mpaka miaka ya hamsini, nikiwa darasa la pili, mama naye alipopata uvimbe. Aliuficha kwa muda mrefu. Shangazi alipougundua, hakuuliza mara mbili.

"Marehemu ameona jina lake liko hapa, amekuja kuchukua watu wake."

"Na huyu mtoto?" baba akauliza, akinitazama.

"Huyu atafuata. Tumvue hiyo jina."

Jumapili asubuhi wakaninyoa nywele nyuma ya nyumba. Shangazi akaninyunyizia maji kichwani, akasema kwa ukali, "Nenda zako, Nasimiyu. Hapa hakuna mtu wako. Huyu ni Nekesa." Mama alikuwa ameketi kwenye kigoda, mkono ameubana ubavuni. Rosa, mdogo wangu, akaanza kulia akitaka kunyolewa pia.

"Wewe nyamaza," shangazi akamwambia akicheka. "Wewe una jina ya mama yetu sisi. Hakuna kitu itakupata."

Tukacheka sote. Hata mama alicheka.

Niliogopa kuliko nilivyowahi kuogopa. Mtu akiita Nekesa niliitika mbio, maana niliamini nikisahau tu, mama atakufa. Siku zile alisema anasikia nafuu, akarudi kupika, nami nikajisifu moyoni. Mvua ndefu haikuisha kabla hatujamzika. Shangazi alisema tulichelewa kunivua.

Tangu hapo macho yote yakawa kwangu. Nilipovunja ungo, shangazi alinipapasa kifua kila nilipooga, kama mama mboga anayechagua nyanya. Rosa hakuguswa na mtu. Alikua mrembo, mcheshi, akaolewa, akazaa Rael, na hakuwahi kujikagua hata siku moja. Kwa nini ajikague? Alikufa kabla Rael hajamaliza shule, kwa ugonjwa uleule. Nilimuuguza mwenyewe. Hakuna nilichoweza kufanya ila kumgeuza kitandani.

Mwaka jana Rael alipimwa damu, akanipeleka nami. Daktari, kijana mpole, alisema kasoro inayoleta ugonjwa huu wa titi hupita kwa damu, mama au baba anaweza kuibeba, na kila mtoto ama huipata ama huikosa, kama kurusha shilingi. Mimi niliikosa. Miaka yote ile walikuwa wamemchunga mtoto asiyekuwa nayo. Sikufurahi hata kidogo.

Rael anayo. Alisema kuna vipimo vya kila mwaka, kuna upasuaji, ataamua. Kisha akafikiria wasichana wake wawili, akanishika mkono.

"Na wao, mama mkubwa?"

"Sijui, mwanangu," nikasema.

Ni mimi mkubwa wa mwisho aliyebaki katika ukoo wetu, na hilo "sijui" ndilo jibu nililokuwa nalo.