Ua la Saba la Bibi

Nilipokuwa mtoto, pale Muscat, tulikuwa wageni kwetu wenyewe, katika nchi ya babu zetu. Tulitoka Unguja baada ya mapinduzi, na mama yangu mdogo, Zuwena, alimwacha huko mchumba wake, Rashid. Hatukujua kama yu hai. Kisha akaja mposaji kutoka Qurayyat, mtu mwenye heshima zake, na Bibi, mama yake Zuwena, akataka mposaji apewe jibu Ijumaa ya wiki ile.

Jirani yetu alikuwa muuguzi wa Kiswidi, Sista Ingrid. Kwa Kiarabu chake kibovu alitueleza sikukuu ya kwao ya katikati ya mwaka, desturi ya tangu mababu. Watu husimamisha mlingoti uliovikwa majani, hucheza wakiuzunguka, na jua halitaki kuzama. Jioni msichana huchuma maua ya aina saba, hasemi neno hadi asubuhi, na huyalaza chini ya mto wake. Atakayemwota ndiye mumewe.

Zuwena alicheka, lakini niliyaona macho yake.

"Wee Zuwena!" Bibi akamaka. "Ulale na maua? Jini atakuoa kabla ya binadamu!"

Zuwena hakusikia la mtu. Sasa katika joto lile la Juni, maua yapatikane wapi? Nilimfuata bustanini jioni, nikijiziba mdomo nisicheke. Tulipata ua la asumini, la mrehani, la mhina, la mdimu, la bamia, na kiua cha zambarau cha majani ya kulishia mbuzi. La saba halikuonekana. Zuwena akayaweka kitandani, akakaa akiyatazama, machozi yanamtoka na kusema hawezi.

Bibi alisimama mlangoni. Nilidhani atayatupa nje. Akaenda kwenye sanduku lake, akakunjua kitambaa, akatoa kilua, ua la kunukia, kilichokauka, cha uani kwetu Unguja, kilichobaki kwenye kikuba chake cha mwisho, kishada cha maua alichokuwa akijipachika kifuani. Akakiweka juu ya yale mengine. Naye hakusema neno.

Asubuhi aliuliza kabla hata ya chai, "Haya, umemwota nani?"

"Sikuota kitu, mama. Nimelala tu."

Bibi alimimina chai, akainywa nusu.

"Basi itabidi tungoje mwakani," akasema. "Huyo wa Qurayyat nntamwambia mie."

Rashid alikuja, baadaye, Unguja iliporuhusu watu kutoka. Jamaa husema maua ndiyo yaliyomwita. Mimi sijui. Ninachojua ni kwamba Bibi aliogopa majini maisha yake yote, na jioni ile alitoa kipande cha mwisho cha Unguja yake ili bintiye apate muda wa kungoja. Wapwa zangu wakiniletea kilua siku hizi, simkumbuki Rashid. Namkumbuka Bibi, na humlilia.