Nilivyoenda kujitambulisha kwa ndugu yangu Mskochi huku Durban, nikaelekezewa bunduki

Heshima kwenu wakuu.

Hii imenikuta mwenyewe, sijaongeza chumvi. Anayetafuta chai apite uzi mwingine.

Mimi ni mtu wa Tanga, naishi Overport hapa Durban, natengeneza simu. Babu mzaa mama alizaliwa na Mskochi, meneja wa shamba la mkonge. Jamaa alirudi kwao babu akiwa na miaka mitatu, hakuandika hata barua. Babu kaitwa chotara mpaka anaingia kaburini.

Sasa mama alikuwa anasubiri upasuaji wa moyo. Akanipigia: "Mwanangu, kabla sijalazwa nataka kujua kitu kimoja. Yule mzungu aliwahi kuwaambia kwao kwamba ana mtoto huku? Au alimkana baba?"

Nikapima DNA, ile ya kutema mate kwenye kichupa unatuma kwa posta. Majibu yakaniletea mama mmoja, Moira. Tukaandikiana email, tukalinganisha majina. Baba yake na babu yangu ni watoto wa yule yule Mskochi.

Na anaishi Pinetown, nusu saa kutoka kwangu.

Akanikaribisha Jumamosi saa tisa alasiri. Mama alikuwa analazwa Jumatatu.

Hapa ndipo nilipofanya ushamba wangu.

Kwetu mtu haendi kujitambulisha kwenye ukoo peke yake kama mdai. Unaenda na wazee wakusemee. Mimi huku sina wazee, nikaazima. Papa Kasongo, jirani yangu Mkongo, mzee wa kanisa, akakubali kuwa msemaji, akaja na wenzake wawili. Wote suti nyeusi, Wakongo mnawajua kwa kuvaa. Mimi nimeshika doti ya khanga.

Moira sikumwambia. Nilidhani ugeni wa heshima hauombewi ruhusa.

Tukabonyeza kengele ya geti. Pazia likacheza. Tukabonyeza tena.

Mara gari la kampuni ya ulinzi likafunga breki nyuma yetu. Walinzi wawili, bunduki mkononi.

"Hands up, bra. All of you." "Bra" huku ndiyo "kaka".

Email ya mwaliko ilikuwa kwenye simu, simu iko mfukoni. Nikaanza kuingiza mkono niwaonyeshe.

Papa Kasongo akaniambia taratibu, bila kugeuka: "Petit, wacha simu ku mufuko. Mutu akiwa na bunduki, unamuonesha mikono. Barua atasoma kisha."

Nikaacha. Yeye amekimbia vita, mimi nimekimbia nini? Niliogopa wakuu, nisidanganye. Nilikuwa nawaza mama atapigiwa simu gani kabla ya hiyo Jumatatu.

Majirani wakaanza kutoka. Mwishowe Moira akatokea barazani, akauliza kwa Kiingereza: nilialika mtu mmoja, hawa wengine ni nani?

Nikamjibu mikono ikiwa juu: ni wazee wangu, wamekuja kunisemea. Kwetu mtu hajisemei.

Akatuhesabu kwa macho, wanne. Kisha akafungua geti. Walinzi wakabaki nje, wanasubiri awasainie fomu yao.

Ndani nikampigia mama video haraka kabla ujasiri haujaniisha. Akauliza swali lake. Moira akajibu polepole: hapana, hakuwahi kumwambia mtu. Hata baba yake Moira alikufa hajui kwamba ana kaka.

Wakuu, mkalimani ni mimi. Mama moyo wake mbovu. Uongo mdogo tu ungepita, na Papa Kasongo ananikazia macho.

Nikatafsiri kama lilivyo.

Mama akafumba macho. Nikajua nimemuua.

Muda huo mlinzi akagonga na fomu yake. "Madam, these people, who are they?"

Moira akainuka, akatoka mpaka barazani majirani wanapomwona, akasema kwa sauti: "They are my family. All four of them."

Papa Kasongo wa Lubumbashi akawa Mskochi palepale.

Mama kwenye simu: "Amesemaje?"

Nikamwambia: kasema sisi wote wanne ni familia yake. Akalia, akajifuta na khanga. Akasema, "Mwambie mdogo wangu nimesikia."

Upasuaji umepita salama, yuko wodini.

Nilichojifunza: ukialikwa na mzungu, taja idadi. Wazee wa heshima kwako, kwake ni genge.

Ila kuna kitu bado kinanisumbua, naombeni mnijibu bila kunipamba. Ile "hapana", ungekuwa wewe, ungeitafsiri?