Mganga Msaidizi na Mate ya Baba Yake

Wako wanaodhani kazi ya mganga msaidizi ni kufunga bandeji na kugawa kwinini. Waache wadhani. Hao hawakumwona Eliasi mwana wa Lesikar asubuhi ya Jumatatu, mwaka 1954, katika zahanati ya bati iliyokuwa kwenye njia ya Nduruma, watu arobaini wamekaa majanini wakimsubiri yeye mmoja. Ilimpasa atofautishe malaria na homa ya mapafu kwa kusikiliza kifua tu. Ilimpasa ang'oe jino bila kuvunja taya, azalishe mama aliyewashinda wakunga, na achome sindano ya buba pale tu ambapo haigusi mshipa wa mguu, maana akikosea mtu anarudi nyumbani kilema. Vyombo alichemsha mwenyewe, dawa alichanganya mwenyewe, na jioni aliandika yote kwa Kiingereza kwa ajili ya Bwana Daktari wa mjini, ambaye alikuja mara moja kwa mwezi, akakagua choo, akasema vema, akaondoka.

Na juu ya hayo, subira. Watu wa huko walipenda sindano kupita kiasi. Walikuwa wameona vidonda vya buba vya miaka mitatu vikikauka kwa wiki mbili baada ya kuchomwa, na tangu hapo kidonge hawakukihesabu kuwa dawa. Bibi mmoja, Simaloi, alikuja kila mwezi na kichwa chake.

"Dakitari, nimetembea tangu alfajiri. Usinipe ya kunywa. Maji ninayo nyumbani."

"Bibi, kichwa hiki hakitaki sindano."

"Umekijuaje, kichwa kiko kwako au kwangu? Choma!"

Eliasi alicheka, akampa vidonge, na bibi akaondoka akimlaani kwa upendo mpaka mwezi ujao.

Kazi hiyo aliisomea Dar es Salaam miaka mitatu. Msimamizi wao alikuwa Mzaramo mmoja mkali, koti lake jeupe halikuwahi kuonekana na doa, na maneno yake wanafunzi waliyakariri kama katekisimu. Ujue unachokijua. Kinachokushinda, kiri, umpeleke mgonjwa mbele. Siri ya mgonjwa isivuke mlango. Na ugonjwa wa kuambukiza usilale nao: ukiujua leo, taarifa itoke leo. Eliasi alishika nafasi ya pili katika mtihani. Hilo la kuambukiza lilikuwa swali la kwanza kabisa, na alilijibu lote bila kukosea hata neno.

Sasa, Eliasi alikuwa Mwarusha wa Sambasha, huko juu mlimani. Ubatizo ulimpa jina la Eliasi, lakini baba yake, mzee Lesikar, hakubatizwa wala hakuona haja. Mzee huyo alikuwa mtu wa kubariki. Kwa Waarusha, baraka ya mzee hutoka kinywani mwake na mate yake. Wala si kutema kama mlevi njiani, la. Ni kunyunyiza kidogo tu, pajini au kifuani mwa mtoto, pamoja na maneno: ukue, uwe na ng'ombe, uzeeke. Wazee wote hufanya hivyo, lakini mate ya Lesikar yalisemwa kuwa mazuri kuliko ya wengine. Mama mwenye mtoto mchanga alipanda kutoka mbali kumtafuta.

Eliasi na mkewe Sinyati walikuwa wamezika watoto wawili. Wa kwanza alifia Mbulu, Eliasi alikokuwa kazini. Wa pili hakumaliza mwezi. Watu wa nyumbani hawakusema mambo ya homa wala kuhara. Walisema watoto hao hawakupata mate ya babu yao, kwa sababu baba yao alikuwa akihangaika na vitabu mbali. Sinyati alilisikia hilo kisimani, akalisikia kanisani, akalisikia kwa mama yake mwenyewe. Basi mvua za masika za mwaka ule alipomzaa Simel, mtoto mnene mwenye sauti, alikuwa na neno moja tu: mtoto apelekwe kwa babu.

"Akifikisha mwezi," Eliasi alisema, na alisema kwa moyo mweupe. Yeye pia alitaka.

Kabla mwezi haujatimia, mzee Lesikar aliteremka mwenyewe mpaka zahanati. Alikuwa amekonda. Alisema ana kikohozi kilichoanza tangu kupanda mahindi, na usiku shuka yake hulowa jasho. Eliasi aliinamisha kichwa, baba yake akamgusa utosini kama desturi ilivyo, na mkono ule ulikuwa wa moto. Akamsikiliza kifua. Akampa kikopo akohoe ndani yake, akampa dawa ya kikohozi, akamsindikiza barabarani. Ijumaa alipokwenda mjini kuchukua dawa za zahanati, alipeleka kioo chenye makohozi ya baba yake hospitali, akakipaka rangi mwenyewe, akainama kwenye darubini.

Wadudu wa kifua kikuu huonekana wekundu kwenye samawati, kama vijiti vyembamba. Eliasi alitumaini atatafuta saa nzima asione kitu. Aliwaona mara moja. Walikuwa wengi mno, na akaendelea kuinamia ile darubini muda mrefu bila kuangalia chochote, kwa sababu hakutaka mtu aliyekuwa pembeni auone uso wake.

"Cha nani hicho?" mwenzake wa maabara aliuliza.

"Mgonjwa tu," alisema Eliasi. Na jina hakuliandika.

Hapo ndipo alipokosea, nami simlaumu kirahisi, maana ningetaka kumwona huyo ambaye angefanya vingine. Wajibu wake aliujua. Jina la mzee lipelekwe kwa Bwana Daktari siku ileile, mzee aende Kibong'oto kulazwa na wagonjwa wenzake wa kifua, na wote aliowakaribia wapimwe. Lakini kwa hilo ilibidi kwanza amwambie baba yake: mate yako yana ugonjwa. Mwarusha gani amewahi kumwambia baba yake hivyo? Kukataa mate ya baba ni kujilaani mwenyewe. Kusema mate hayo yanaua ni kumvua mzee uzee wake mbele ya watu. Eliasi alijiambia atasema wiki ijayo, akipata maneno mazuri. Kumbe maneno mazuri hayakuwepo.

Kila siku aliwaambia wagonjwa wake kwamba mficha maradhi kilio humuumbua. Mganga hajigangi.

Kitu kimoja tu alikishikilia: Simel asifike mbele ya babu yake. Na kwa kuwa siri ya mgonjwa haivuki mlango, hata Sinyati hakuambiwa. Alijificha nyuma ya kanuni hiyo kama mtoto nyuma ya khanga ya mama yake, akiwaona wote na akidhani haonekani.

"Mtoto ana mwezi na siku tano," Sinyati alisema akikoroga loshoro ya mahindi na maziwa ya mgando.

"Njia ya juu ina matope, Mama Simel."

Wiki iliyofuata ikawa baridi ya mlimani. Wiki nyingine ikawa mtoto amechanjwa ndui, mkono umevimba, asibebwe. Kisha ikawa kazi nyingi. Sinyati alimsikiliza mumewe, na kwa kila sababu mpya akawa anaitikia polepole zaidi.

"Baba Simel, unaona aibu na wazee?" alimuuliza siku moja.

"Sioni aibu."

"Basi ni nini?"

"Ngoja kidogo tu."

Hakuuliza tena. Jumanne moja alisema anakwenda kumwamkia mama yake Ilboru, akalala huko siku moja, akarudi na ndizi na uso mtulivu. Eliasi alifurahi kwamba ule ugomvi umekwisha.

Wiki ya tano mzee Lesikar alikuja tena zahanati. Alikuja mchana, wagonjwa wamekwisha kuondoka, akiegemea fimbo yake kwa mikono miwili. Kwenye kona ya shuka yake palikuwa na damu. Alikaa kwenye kiti cha wagonjwa, akaangalia chupa zilizopangwa ukutani.

"Ile dawa yako ni tamu," alisema, "lakini haifanyi kazi. Mwanangu, umesomea mambo haya. Nina nini?"

Eliasi alikuwa ameandaa maneno wiki tano, na yote yalimkimbia. Akasema tu, kwa sauti ambayo hakuitambua, "Ni kifua kikuu, baba. Kiko kwenye makohozi. Na kwenye mate."

Nje kuku walikuwa wakichakura chini ya meza ya kufulia bandeji.

"Kwenye mate," mzee alisema mwishowe.

"Ndiyo, baba. Kinaambukiza. Watoto wachanga hasa."

"Tangu lini unajua?"

Hapo angeweza kudanganya. Nampa heshima yake, hakudanganya. "Leo ni wiki ya tano."

Alingoja fimbo. Alingoja laana, na moyoni alikuwa tayari ameikubali. Mzee Lesikar hakuinua fimbo. Alifumba macho kama mtu anayesikiliza hatua mbali, kisha akafungua kiganja chake cha kushoto, akaanza kukunja vidole kimoja kimoja. Eliasi hakuelewa kwanza.

"Chukua karatasi," mzee alisema. "Wa Kisioki, yule wa mkewe mdogo. Pacha wa Lengai, wote wawili. Binti wa Nosim, aliyezaliwa kaka yake akiwa jandoni." Alikohoa, akageuza uso ukutani, akafunika kinywa kwa shuka, na hilo la kugeuka ukutani lilimwuma Eliasi kuliko lolote. "Hao wanne niliwabariki nikikohoa, kabla hujajua. Umeandika?"

"Nimeandika, baba."

"Sasa waliokuja baada. Hao waandike chini, peke yao." Akakunja kidole. "Mjukuu wa Sumari." Akakunja kingine. "Wa Penina, yule mwenye mguu mbaya. Nilimtemea mara mbili, kwa ajili ya mguu."

Eliasi aliinamia karatasi. Aliandika. Alijua nyumba hizo zote, mlango kwa mlango. Mama wa mtoto mwenye mguu alikuwa mgonjwa wake mwenyewe, na Alhamisi iliyopita alikaa kwenye kiti hikihiki.

"Wamekwisha?" aliuliza.

Mzee alikuwa bado ameshikilia kidole kimoja, hajakikunja.

"Mkeo alikuja kwangu, siku ya soko la Jumanne. Alisema umemtuma. Alisema una kazi nyingi na watu, ndiyo maana hukuja mwenyewe. Nilifurahi, Eliasi. Nilichinja." Akakunja kile kidole. "Nilimtemea pajini, nikamtemea kifuani, na kwa kuwa ni wa tatu na wawili wamekufa, akafunguliwa kinywa nikamtemea ulimini. Mwandike."

Eliasi aliandika. Simel, miezi miwili, wa Eliasi Lesikar. Mwandiko wake ulikuwa mzuri sana, waliusifu Dar es Salaam, na jina lile liliandikika vizuri kama mengine.

Mchana huohuo walisimamisha lori la mkulima Mgiriki lililokuwa likienda mjini. Eliasi alimpeleka baba yake kwa Bwana Daktari, akasema yote mbele yake, jina, tarehe na wiki zile tano. Daktari alisema hilo litaandikwa kwenye faili lake, kisha akasema kitu bora zaidi: kuna vidonge vipya, watoto wote saba wapimwe, na wanaohitaji wapewe haraka. Siku ya pili mzee alipanda gari la kwenda Kibong'oto. Wakati wa kuagana Eliasi aliinamisha kichwa, nusu ya mwili wake ikingoja yale maneno na yale mate aliyoyapata kila safari tangu utoto. Mzee aliweka mkono utosini pake, akayasema yale maneno yote mpaka mwisho, kinywa ameziba kwa shuka.

Kisha Eliasi alipanda mlima na ile karatasi. Nyumbani kwa Kisioki walimkaribisha kwa maziwa. Kwa Lengai walimkemea. Mama wa mtoto mwenye mguu alimsikiliza akiwa amesimama, akauliza, "Alhamisi ulikuwa unajua?" Akajibu kwamba alijua. Mama yule akaingia ndani akafunga mlango, na Eliasi akasimama uani mpaka ukafunguliwa tena na mtoto akatolewa apimwe. Wote aliwaambia lile lile, na kila mahali alitaja kwamba kosa si la mzee.

Nyumba ya mwisho ilikuwa yake. Sinyati alikuwa barazani, Simel kifuani, ananyonya. Eliasi alikaa chini kabisa, kwenye udongo, si kwenye kigoda, akamweleza tangu ile darubini. Hakuficha kitu. Alipomaliza, Sinyati alimtoa mtoto titini, akamfuta mdomo kwa ncha ya khanga, akamfuta tena, akaendelea kumfuta mpaka mtoto akaanza kulia.

"Nilimpanua kinywa mimi," alisema. "Babu yake mikono ilikuwa inatetemeka. Nilimshikia taya mimi, kwa vidole hivi. Ungeniambia, Baba Simel."